Sabuni Imekuwa Bada: Kutafuta Chanzo Mmumunyo Unapokuwa Mzito kwa Joto

Mwezi wa pili, saa nane mchana, hakuna anayetembea mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, bila sababu. Kwa hiyo nilipomwona shangazi wa nyumba ya pili anavuka barabara, kopo la lita moja mkononi limefunikwa kwa kitambaa, nilijua kuna jambo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, ule unga ulioniuzia ni wa nini? Hii ni sabuni au bada?"

Nikafunua kitambaa. Sabuni ya maji ya kijani, ila ukiinamisha kopo haiendi popote. Juu imefanya weupe kama tui lililochujwa mara ya pili. Nikachomeka kijiko, kikasimama. Kwa asiyejua, bada ni ule ugali wa muhogo tunaoula hapa Tanga, na kwa kweli mfano wake haukuwa mbali.

"Asubuhi ilikuwaje?"

"Asubuhi ilikuwa sabuni."

Jibu hilo lilikuwa robo tatu ya kazi. Nauza malighafi za sabuni na za mafundi vigae, na kabla ya hapo nilikaa maabara miaka kadhaa, kwa hiyo malalamiko ya namna hii yananifikia kila kaskazi. Karibu kila anayekuja huwa ameshatia kitu: maji, chumvi, unga mwingine, hata siki. Usitie kitu. Ipoze kwanza.

Jaribio la kikombe na barafu

Chota kikombe kimoja cha huo mmumunyo ulioganda, kiweke ndani ya bakuli lenye maji na barafu, acha dakika 20, kisha koroga taratibu. Ikirudi kuwa maji, tatizo lako ni polima (molekuli ndefu kama mnyororo, ndiyo iliyomo kwenye unga wa kuifanya sabuni iwe nzito) inayoganda kwa joto, na hakuna kilichoharibika. Isiporudi kabisa, soma sehemu ya wanga na ya maji yaliyokauka. Ikirudi nusu, yawezekana una matatizo mawili kwa pamoja, au hujaipoza vya kutosha.

Kwa nini barafu na si kivuli tu? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jeli ya methiliselulosi, polima ya jamii hiyo, haifunguki kwenye joto lilelile lililoifunga. Inaweza kuganda kwenye nyuzi 50 na kitu, lakini wakati wa kupoa ikang'ang'ania mpaka ishuke kwenye nyuzi 30 na kitu ndipo iachie. Sasa kivuli cha Tanga mwezi wa pili ni nyuzi 32. Pipa lililoganda saa saba mchana linaweza kukaa chini ya mti mpaka magharibi likiwa bado gumu, na mwenye pipa akaapa kwamba hairudi. Inarudi, ila haijapata baridi.

Kwa nini joto linaongeza uzito badala ya kuupunguza

Tumezoea kinyume chake. Asali ikipata joto hukimbia. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe na kuyeyuka jua likipanda. Hata mwani unaolimwa Mlingotini kule Bagamoyo na huku pwani ya Tanga hufuata njia hiyo: ukichemsha ule wa kotonii, jeli yake ni maji kwenye moto na huganda inapopoa. Ukikaa na mama wanaopika jeli ya mwani ukawaambia kuna jeli inayoganda ikipashwa, watakucheka.

Lakini ipo. Methiliselulosi ni selulosi, ileile ya pamba na mkonge, ambayo kiwandani imepachikwa vikundi vidogo vya methili visivyopenda maji. Kwenye baridi maji hujipanga kuvizunguka vikundi hivyo kama watu wanaomfunika mwenzao kwa kanga, na mnyororo wa polima unaelea kwa raha. Joto likipanda, mpangilio ule wa maji unavurugika. Vikundi vinabaki uchi, na kwa kuwa havipendi maji vinajificha kwa kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, mnyororo huu na ule, mpaka unapatikana wavu, na maji yote yamo ndani yake. Ndiyo jeli. Poza, maji yanajipanga upya, wavu unafumuka.

Methiliselulosi tupu, kwa mmumunyo wa asilimia 2, huganda karibu nyuzi 50 hadi 55. Ndugu yake haidroksipropili methiliselulosi, ambaye ndiye yumo kwenye mifuko mingi ya unga wa kuongeza uzito, huganda popote kati ya nyuzi 58 na 90 kutegemea aina. Baadhi ya watengenezaji huandika namba hiyo kwenye jina la unga: ukiona 60, 65, 75 au 90 mbele ya herufi, mara nyingi ni makadirio ya joto la kuganda. Namba inayofuata ni habari ya uzito, usizichanganye.

CMC, yaani kaboksimethiliselulosi, ni kitu kingine. Nayo ni selulosi, inauzwa meza moja na hizo, inafanana nazo kwa macho, lakini haigandi kwa joto. Ikipata joto inakuwa nyepesi kama mambo mengine ya dunia. Muuzaji akikwambia "zote ni zilezile", nenda duka la pili.

Dalili: asubuhi maji, mchana bada, usiku maji

Huu ndio ugonjwa wa shangazi. Hapa unatakiwa kujua mmumunyo wako unaganda kwenye nyuzi ngapi hasa, maana namba ya kwenye mfuko ilipimwa kwa maji matupu, na wewe hukutengeneza maji matupu.

Chukua chupa ndogo ya kioo, jaza nusu, iweke ndani ya sufuria ya maji juu ya moto mdogo. Tumbukiza kipimajoto ndani ya chupa yenyewe, si kwenye sufuria. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia nyuzi 42, na kile cha zamani cha zebaki kitapasuka. Pandisha joto polepole, nyuzi moja kwa dakika mbili hivi, huku ukiinamisha chupa. Utaona mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza mmumunyo unakuwa mwepesi zaidi, na wengi hapo hukata tamaa na kuzima jiko. Vumilia. Kisha unaanza ukungu, kama maji yaliyodondoshewa maziwa. Halafu, ndani ya nyuzi chache tu, unaacha kutiririka. Andika joto la ukungu na joto la kusimama.

Sabuni ya shangazi ilifanya ukungu kwenye 44 na kusimama kwenye 49. Unga wenyewe ni wa 60. Nikabeba kipimajoto tukaenda kwake. Pipa lake jeusi la plastiki lilikuwa limeegemea bati upande wa jua. Kando ya ukuta wa pipa nikapata nyuzi 51, katikati 38. Nikaingiza mkono: pembeni kuna ganda zito lililoshika pipa pande zote, katikati bado maji. Kopo alilonijia nalo alikuwa amelichota pembeni.

Pipa kupigwa jua ni rahisi kueleza. Swali lilikuwa nyuzi 11 zimepotelea wapi.

Tukakaa kibarazani nikamwomba anisomee vipimo vyake. Asidi ya salfoniki kidogo, ambayo ikizimuliwa ndiyo inayosafisha, magadi soda ya kuizimua, slesi (ile sabuni nzito ya kuleta povu) kidogo zaidi ya kidogo kwa sababu imepanda bei, kisha unga na chumvi kufidia uzito uliokosekana. Jibu likajitokeza lenyewe. Chumvi huyavuta maji kwake na kuiachia polima machache, kwa hiyo wavu unajengeka mapema zaidi. Magadi ni hodari kwa kazi hiyo kupita hata chumvi ya mezani, kwa sababu kabonati iliyomo ndani yake, kama salfeti na fosfeti, huvuta maji kwa nguvu. Akiweka magadi mengi kuliko asidi inavyohitaji, yanayobaki yanakaa ndani ya pipa yakishusha joto la kuganda. Slesi na salfoniki iliyozimuliwa zinafanya kinyume: zinakwenda kushika vile vikundi visivyopenda maji, zinavifunika, na kuisukuma jeli kwenye joto la juu zaidi, au kuizuia kabisa zikiwa nyingi. Kwa maneno mengine, sabuni yenye sabuni ya kutosha haigeuki bada. Hili nililisema kwa adabu, na bado lilipokelewa kwa kimya.

Ukitaka kujionea, tengeneza vikombe vitatu vya unga uleule kwa kipimo kilekile: kimoja maji matupu, cha pili chumvi, cha tatu magadi, uzito sawa na ule wa chumvi. Vipashe pamoja kwenye sufuria moja. Cha magadi kinaganda kwanza, kisha cha chumvi, na cha maji matupu kinafuata nyuma sana.

Maji nayo yachunguzwe. Visima vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mtu aliyehama kutoka maji ya bomba kwenda kisimani, akabaki na vipimo vilevile, amejiongezea chumvi bila kujua. Rudia chupa moja kwa maji ya mvua ulinganishe.

Dawa, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata: ondoa pipa juani, au tumia pipa la rangi nyeupe. Punguza chumvi. Pima magadi kwa karatasi ya pH, ile inayoonyesha uasidi na ualikali kwa rangi, badala ya kukisia. Ongeza slesi. Vyote vikishindikana, badili unga, chukua wa 75 au zaidi. Wengi huanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalonunuliwa.

Dalili: imekuwa nzito na hairudi hata kwenye barafu

Kama uliichemsha, mshuku wanga. Chembe za wanga wa muhogo au wa mahindi hunywa maji na kuvimba zikifika kati ya nyuzi 60 na 70 na ushee, na zikishavimba hazirudi kuwa unga. Ndiyo maana uji ni uji hata ukilala usiku kucha. Kuna wanaochanganya wanga kwenye unga wa kuongeza uzito ili mfuko ujae. Nunua ayodini ya vidonda duka la dawa, dondosha tone moja kwenye mmumunyo uliopoa: ukigeuka bluu ya kukaribia weusi, wanga umo. Lakini usimtuhumu muuzaji kwa pipa lililopata jua tu. Jua halifikishi pipa nyuzi 65, na wanga usioiva hauongezi uzito wa maana.

Kama hukuichemsha na hairudi, pima kwa mizani. Chombo kilichokaa wazi kinapoteza maji, na polima hazisamehi: ukizidisha kiasi cha unga mara mbili, uzito hauzidi mara mbili, unaweza kuzidi mara makumi. Kwa hiyo maji machache yakikauka unayaona. Utando juu ya pipa ni ushahidi. Rudisha maji uliyopoteza, kwa kipimo cha mizani, yaliyo baridi.

Dalili: nimetia unga kwenye maji ya moto, haizidi uzito

Hapa nina kovu langu mwenyewe. Mara ya kwanza kabisa kutumia unga huu, ndoo ya lita 20, saa mbili usiku, nilifikiri kama mpika uji: maji yachemke ndipo utie. Nikatia gramu 200. Ukaelea mle kama vumbi la mbao, maji ni maji. Nikasubiri, nikakoroga, nikaongeza gramu 200 nyingine. Maji ni maji. Nikaulaani mfuko nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mwiko umesimama wima katikati ya ndoo, na nilipojaribu kuutoa, ndoo nzima ilinyanyuka nayo.

Unga haukuwa bandia. Juu ya joto lake la kuganda hauyeyuki kabisa. Unayeyuka unapopoa. Na tabia hii, ukishaijua, ndiyo njia bora ya kuuandaa: pasha theluthi moja ya maji mpaka nyuzi 80 au 90, mwaga unga taratibu huku ukikoroga mpaka kila chembe iloe, kisha ongeza theluthi mbili zilizobaki zikiwa baridi, ikiwezekana na barafu, uendelee kukoroga. Uzito utakuja mbele ya macho yako. Methiliselulosi tupu inataka baridi zaidi, karibu na ile ya friji, ndipo iyeyuke yote. Ile ya haidroksipropili inaridhika na nyuzi 20 hadi 25, na huku kwetu maji ya tangi hayafiki hapo mpaka usiku wa manane, kwa hiyo barafu si anasa.

Anayeanza na maji baridi na kumwaga unga wote kwa pigo moja hupata madonge: nje ute, ndani unga mkavu. Donge la namna hiyo unaweza kukesha nalo. Kuna unga uliopakwa dawa ya kuuchelewesha, unatawanyika vizuri kwenye maji baridi na kukaa bila kuzidi mpaka utie alikali kidogo, pH ipande kidogo juu ya 8. Ukiona unga umetawanyika safi lakini hauzidi, chovya magadi kwenye ncha ya kijiko, ujaribu kwenye kikombe kwanza.

Dalili: mapande meupe juu, maji chini

Hii si jeli, ni kutengana. Haidroksipropili selulosi, bila hiyo methili, haijengi wavu. Ikipita nyuzi 40 hadi 45 inajitoa tu kwenye maji na kuwa mapande, na uzito unaanguka. Ikipoa inayeyuka tena. Ikitengana hata kwenye baridi, chumvi imezidi mno, na hapo hakuna kupoza kutakakosaidia, ni kuongeza maji na kuhesabu hasara.

Dalili: mchana nyepesi, asubuhi nzito

Si ugonjwa. Sabuni iliyopewa uzito kwa slesi na chumvi, au kwa CMC, ndivyo ilivyo. Acha.

Dalili: gundi ya vigae inakauka kabla kigae hakijakaa

Mafundi hawaji na neno polima, wanakuja wakisema saruji imechakachuliwa. Ndani ya gundi ya vigae mna haidroksipropili methiliselulosi, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasinyonywe na ukuta kabla saruji haijashika. Ukuta ulioelekea magharibi, saa tisa alasiri, ukiugusa unakuchoma. Polima ikifika joto lake la kuganda inaacha kuyashika maji vizuri, ukuta wa matofali unayafyonza, na gundi inabaki vumbi. Loweka ukuta, tumia maji ya kivulini, paka eneo dogo dogo, na ukuta wa magharibi ufanywe asubuhi. Ukinunua gundi kwa ajili ya nje, uliza aina yenye joto la kuganda la juu.

Dalili: jeli ya dawa imeganda kwenye chupa kabla ya kutumika

Mwanafunzi mmoja wa famasia alinijia na hili, akiwa na maelekezo ya Ulaya yaliyosema mmumunyo wake utakuwa maji "kwenye joto la kawaida la chumba" na jeli kwenye joto la mwili. Polima yake ilikuwa poloksama 407, ambayo haihusiani na selulosi. Minyororo yake hujikusanya kuwa viduara vidogo, joto likipanda viduara vinakuwa vingi mpaka vinabanana kama machungwa kwenye gunia, na mmumunyo unasimama. Kwa asilimia 20 unaganda karibu nyuzi 20 hadi 25. Ukipunguza polima, joto la kuganda linapanda. Ukishuka chini ya asilimia 15 hivi, haugandi kabisa. Maelekezo yake hayakuwa na kosa. Chumba cha mwandishi kilikuwa nyuzi 20, chumba chake hapa ni 31. Akapunguza polima kidogo kidogo, kila mara akipima chupa kwenye beseni la maji, mpaka ikaganda juu ya joto la chumba chetu na chini ya 37. Nafasi ni nyembamba. Na poloksama siku zote iyeyushwe ndani ya friji, kwa saa nyingi, bila papara ya kukoroga povu.

Turudi kwenye pipa. Jioni ile tulilivuta mpaka chini ya mwembe, tukalifunika kwa gunia bichi. Saa kumi na mbili asubuhi shangazi akapiga simu.

"Imerudi. Lakini mbona nyepesi kama maji ya kuoshea mchele?"

"Jana kabla hujaja kwangu, ulitia nini?"

Kimya.

"Ndoo moja tu ya maji, mwanangu. Niliona imezidi uzito."

Lita 20 kwenye pipa la lita 60. Nilikwenda na slesi, na gramu 120 za unga nilizozilowesha kwa lita tatu za maji ya moto na kuzizimua kwa lita mbili za barafu iliyoyeyuka. Tukamimina kidogo kidogo kabla jua halijapanda, yeye akikoroga. Pakiti ya chumvi niliirudisha jikoni kwake. Saa nane mchana siku hiyo nilipita tena na kipimajoto: katikati 33, pembeni 34, na sabuni inamiminika.